Chumba Kilikuwa Kitupu, na Bado Nisingewasha

Juzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja hapa Busia, siku ya kuwaelekeza vijana kuhusu kazi. Kabla sijasimama, bwana aliyekuwa anaongoza shughuli aliniinamia sikioni. "Mama, waeleze mambo ya hapa kwetu. Biashara ya mpakani, kilimo, hata dhahabu ya Tiira. Hiyo yako ya kupasha moto sijui nini itawachanganya watoto." Nilimshukuru, nikasimama, nikazungumza juu ya hiyo hiyo yangu ya kupasha moto sijui nini mpaka akaanza kutazama saa. Muda ukaisha kabla sijafika popote. Ndiyo maana naandika, na hapa hakuna wa kuniinamia sikioni.

Mimi ni mzaliwa wa Kisoko, Tororo, na sasa nimestaafu, nalima muhogo na mtama Sikuda. Hapo katikati nilikaa Ulaya miaka mingi nikifanya kazi moja tu: kuongoza mwale wa atomi unaopasha moto plazima kwenye mtambo wa majaribio. Nitawaeleza kazi yenyewe ni nini, halafu nitawaeleza jinsi nilivyonusurika kufukuzwa kwa sababu ya ufunguo mmoja. Watu wenye busara wamenishauri hadithi hiyo ya ufunguo niiache, kwa sababu mwisho wake hauonyeshi kwamba nilikuwa sahihi. Siiachi.

Jua linawaka kwa kuunganisha atomi nyepesi ziwe nzito kidogo, na katika kuungana huko nishati inatoka. Sisi tulikuwa tunajaribu kufanya hivyo hivyo duniani, ndani ya chombo cha chuma chenye umbo la mandazi yale ya duara yenye tundu katikati. Unaweka gesi kidogo humo, unaipasha moto mpaka inavunjika kuwa chembe zenye chaji ya umeme. Hiyo ndiyo plazima. Hakuna sufuria inayoweza kuishika, kwa hiyo inashikiliwa hewani na sumaku kubwa zisiiache iguse ukuta. Sasa swali: unakipashaje moto zaidi kitu ambacho huwezi kukigusa?

Unakirushia atomi zenye mwendo mkali sana. Kuzikimbiza unahitaji umeme, na umeme unakimbiza chembe zenye chaji tu. Lakini chembe zenye chaji sumaku hazitaki kuziona, zinazigeuza mlangoni. Hapo ndipo ujanja ulipo. Unazikimbiza zikiwa na chaji, halafu kabla hazijafika mlangoni unazipitisha kwenye gesi, zinaiacha chaji yao humo, zinabaki na mwendo wao ule ule. Sumaku haina cha kuzishika. Zinaingia. Zikiwa ndani, plazima inazivunja tena, zinapata chaji, na sumaku ile ile iliyokuwa inazizuia kuingia sasa inazizuia kutoka. Nyinyi wa Busia hili halihitaji maelezo marefu. Mwenye mzigo kichwani anasimamishwa na watu wa forodha. Akiuacha mzigo kwa ndugu yake, anavuka mikono mitupu kwenda kumwamkia shangazi na hakuna anayemuuliza kitu.

Nilimweleza hivyo mama yangu, aliyekuwa akiuza vitunguu sokoni Busia maisha yake yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi. "Kumbe! Tumekusomesha yote hiyo, wewe nakwenda Ulaya kufanya magendo!"

Sijawahi kupata maelezo mafupi zaidi ya kazi yangu.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja aitwaye Jozef, fundi wa umeme mkubwa, mrefu, mwenye nyusi kama brashi, mtu wa kunywa chai nyeusi na kulalamika juu ya meno yake. Mtu akisikia "kuongoza mwale" anadhani kuna kitufe cha kuzungusha kama cha redio, moto uongezeke au upungue. Hakuna. Volteji na mkondo wa umeme lazima viendane, ndipo mwale unabaki mwembamba na kupita katikati ya bomba. Alikuja mtafiti mgeni, kijana mchangamfu, akataka nusu ya moto. Jozef alikuwa ameenda kujaza kikombe. Kijana akashusha volteji peke yake, nusu. Mwale ukatanuka, ukalamba kuta za bomba, kuta zikatema gesi, plazima ikazimika. Jozef akarudi na chai yake, akatazama skrini, akasema, "Umeomba nusu ya moto, umepata bomba la kusafisha."

Nusu ya moto inapatikana hivi: unawasha na kuzima, unawasha na kuzima, upesi kuliko plazima inavyoweza kupoa. Ni sawa na uji unaotaka kufurika. Unautoa mekoni, unaurudisha. Nilipoanza, tulipanga mapema lini kuwasha na lini kuzima, halafu tukaomba plazima ifuate mpango, nayo haikufuata. Baadaye tukaiachia kompyuta isome joto na kuamua yenyewe ndani ya kufumba na kufumbua. Ina kasi kuliko mkono wangu, sibishi. Ila kompyuta inaamini kila inachoambiwa. Kipimo kikifa kikasoma sifuri, yenyewe inadhani plazima imepoa na inamwaga moto wote. Na plazima ikiwa nyepesi mno, mwale unapita katikati bila kushikwa na kwenda kupiga ukuta wa upande wa pili. Kwa hiyo kazi ya mtu ilibaki pale pale: kila asubuhi kujua ni kipimo kipi kizima na kipi kinadanganya. Shikeni hilo, nyinyi mnaoambiwa kwamba mashine zitafanya kila kitu.

Halafu kuna uvumilivu. Mwanzoni mwa mwale kuna sahani za shaba zenye matundu mengi madogo, ndizo zinazobeba volteji. Zikifunguliwa zikapigwa na hewa, zinarudi na kisirani. Ukipandisha umeme zinapiga cheche. Unashusha, unangoja, unapandisha kidogo, cheche tena, unangoja. Siku nzima. Mwenye haraka anaunguza shaba na kuanza upya. Jozef aliniambia kazi yetu ni kukaa kitini na kutofanya kitu kwa ustadi. Nilicheka, nikidhani ni utani.

Sasa ufunguo.

Umeme wa mwale unatoka kwenye chumba kikubwa kilichojaa makabati na transfoma, na huo si umeme wa kukutingisha mkono ukaruka pembeni ukicheka. Ni umeme wa kukumaliza kabla hujafika kuugusa. Nje ya chumba kile palikuwa na ubao wa funguo. Kila anayeingia anachomoa ufunguo wake, anautia mfukoni, anaingia nao. Ufunguo hata mmoja ukikosekana ubaoni, volteji haipandi. Unafanya kazi humo ndani na uhai wako uko mfukoni mwako mwenyewe, hauko mikononi mwa mtu aliye mbali. Nyinyi mnaoshuka kwenye mashimo ya Tiira mnaelewa, kwa sababu aliye juu akiambiwa "nadhani wote wametoka," bado wewe ndiye uliye chini.

Palikuwa na ufunguo wa akiba wa kujaza nafasi ya uliopotea, nao nilikaa nao mimi, niliyeketi kwenye kiti cha kuwashia mwale. Sheria yake ilikuwa fupi. Unautumia pale tu ambapo mwenye ufunguo uliopotea amesimama mbele yako, unamwona kwa macho. Si kupewa habari zake. Ni yeye mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho kabla ya mtambo kufungwa kwa matengenezo marefu. Mkuu wa jaribio, Profesa Marten, alikuwa ameandaa kwa miaka jaribio la kuiacha kompyuta ishikilie joto la plazima mahali pamoja kwa mwale wetu tu. Alikuwa mtu mwema, nawaambia ukweli. Alinikumbuka kila sikukuu, na aliniita kwa jina langu la Awor bila kulikata vipande kama wengine. Wageni walikuwa wamekuja kutazama. Umeme wa taifa tulikuwa tumepewa hadi alasiri na si zaidi, kwa sababu mtambo ule ukiwashwa mji mzima unahisi.

Adhuhuri kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa nafasi moja ubaoni ilikuwa tupu. Ufunguo wa Jozef.

Tukampigia simu, haipokelewi. Ines, fundi wa pampu, mwanamke wa maneno machache na mkono thabiti, akaingia chumbani akazunguka akimwita. Akatoka. "Hayumo. Nimetazama kila mahali."

Marten akaja kwenye kiti changu. "Ufunguo wa akiba, tafadhali."

"Jozef yuko wapi?"

"Umesikia, hayumo."

"Nimesikia hayumo. Sijasikia yuko wapi."

Akatabasamu kwa shida. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba Ines si mtoto, ametazama, na muda unakwenda. Nikamwambia simshuku Ines. Lakini nyuma ya transfoma zile kuna nafasi ambamo mtu akianguka huwezi kumwona bila kutambaa, na kuona kwamba hakuna mtu si sawa na kumwona mtu. Leteni Jozef, nitawasha. Ines alinitazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Aliona nimemwita mwongo mbele ya wageni.

Wakaanza kuja mmoja mmoja. Mmoja akasema tutapoteza mwaka mzima. Mwingine akasema nina kichwa kigumu, jambo ambalo hata Kisoko walishalijua. Mgeni mmoja akauliza kwa sauti kama yule mama pale ana mamlaka hayo kweli. Nilikuwa Mwafrika peke yangu katika chumba kile, na kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea kazi ile. Nilijua vizuri kiti kikiondoka, kinachofuata ni ndege. Niliutia ufunguo wa akiba ndani ya sidiria yangu, kama mama alivyokuwa akifanya na pesa zake sokoni, nikakunja mikono. Hapo hakuna profesa aliyethubutu kuendelea kunyoosha mkono.

Alasiri umeme wetu ukakatwa. Wageni wakavaa makoti yao. Muda mfupi baadaye Jozef akaingia, shavu moja limevimba, mate yanamtoka pembeni. Alikuwa ameng'olewa jino. Maumivu yalimzidi asubuhi akatoka mbio, simu akaiacha kwenye koti lake la kazi, na ufunguo umo mfukoni mwa suruali. Alipoona nyuso zetu akajipapasa, akautoa. "Nanyi mmekuwa mkiningoja?" aliuliza kwa mdomo uliokufa ganzi. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo chumba kilikuwa kitupu. Tangu asubuhi. Ningewasha, hakuna hata panya ambaye angeumia, na jaribio la Marten lingefanyika. Sitawapambia hadithi, hakukuwa na mtu wa kuokoa.

Nilimsimulia haya kijana mmoja wa boda wa upande wa Kenya, ambaye hunipeleka sokoni. Akazima pikipiki kabisa ili anishangae vizuri. "Lakini madam, si hakukuwa na msee ndani? Ungewasha tu, mambo iishe."

"Ningejuaje?"

"Si uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Aah, madam. Hapo ulijiharibia tu."

Inawezekana. Lakini sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya siku tunazojua mwisho wake. Mimi nilikuwa nimekaa pale adhuhuri, na adhuhuri hakuna aliyejua Jozef yuko wapi. Huwezi kunirudishia jibu la alasiri ukanihukumu nalo. Nakasirika mpaka leo nikilisema, na sioni sababu ya kuacha kukasirika.

Kesho yake Marten akatuita wote. Hakupiga kelele. Alisema hataki kuniadhibu kwa yaliyopita. Anataka kitu kimoja tu, niseme mbele ya wenzangu kwamba siku nyingine, chumba kikikaguliwa na mtu anayeaminika akasema ni kitupu, nitawasha. Nikisema hivyo nitabaki kitini. Alilisema kwa upole, hata nikaona anatamani nikubali.

Jozef alikuwa amekaa mwisho wa meza na shavu lake. Nilimtazama. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ile, na sasa alikuwa anaangalia vidole vyake. Aibu ilikuwa imemkaba, na sikumlaumu, ila nilijua siku ile niko peke yangu.

Nikasimama. "Siku nyingine pia sitawasha," nikasema. "Mpaka nimwone."

Nikaondolewa kitini siku hiyo hiyo. Nikapelekwa stoo kusafisha vipande vya pampu, na mkataba wangu wakasema wataufikiria. Kijana mpole aitwaye Emil akakalishwa mahali pangu.

Nikampigia mama simu. Kwa kawaida tulizungumza Kidhopadhola, lakini alipokasirika alihamia Kiswahili cha sokoni.

"Hawa watu nafukuza wewe juu ya funguo?"

"Bado, mama. Wanafikiria."

"Na huyo mzee alikuwa ndani?"

"Hapana. Alikuwa anang'oa jino."

"Na wewe ulikuwa najua iko kwa jino?"

"Sikujua."

"Basi usiombe mtu samahani. Ukirudi, rudi. Nyumba iko."

Nililia baada ya simu ile, na haikuwa huzuni peke yake. Niliogopa kurudi na begi moja huku majirani wakisema si tulimwambia hiyo kazi si ya kwetu. Niliogopa kweli. Lakini nilishajua ningekubali kurudi na begi hilo kuliko kuyatamka yale maneno ya Marten, na kujua hivyo kulinipa usingizi.

Mtambo ukafunguliwa, ukatengenezwa, ukafungwa. Sasa sahani za shaba zikawa na kisirani chake, na kuzizoesha upya kunataka mafundi waingie kwenye chumba cha umeme mara kwa mara, watoke, umeme upande, ushuke, waingie tena. Aliyekuwa wa kwanza kuingia ni Ines. Tangu siku ile alikuwa hajanisemesha hata salamu.

Yaliyotokea mlangoni nilisimuliwa na Emil mwenyewe, bila kinyongo. Ines alifika kwenye ubao, akachomoa ufunguo, halafu akauliza, "Nani yuko kitini?"

"Mimi," Emil akamwambia.

Ines akaurudisha ufunguo mahali pake. "Basi siingii."

Emil akamuuliza kama ana shida naye. Akasema hana shida naye hata kidogo, ni kijana mzuri. "Lakini wewe ungewasha siku ile," akasema. "Na mimi pia ningewasha. Ndiyo maana siingii." Fundi aliyekuwa nyuma yake akafikiri, naye akarudisha wake. Na wa tatu.

Marten akaja stoo mwenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya pampu, mikono imejaa grisi. Akasimama mlangoni.

"Watu hawataki kuingia," akasema.

"Nimesikia."

"Awor. Bado unasema usingewasha?"

"Bado."

Akatingisha kichwa, na sikujua kama ni kwa hasira au ni kwa kuchoka. "Nenda ukakae," akasema.

Nikanawa mikono, nikaenda. Emil akasimama, akanipisha, akanipa ufunguo wa akiba. Kupitia dirishani nilimwona Ines mbele ya ubao. Hakunitazama kwa muda mrefu, wala hakutabasamu, si mtu wa hivyo. Aliuinua tu ufunguo wake niuone, akautia mfukoni, akaingia kati ya zile transfoma bila kugeuka nyuma.

Nami nikaweka mikono yangu mapajani, nikangoja atoke.